BOB GIBSON, MRUSHAJI ALIYEFANYA KILIMA KIPUNGUZWE



Hapa kwetu mtu akisema neno «mpira», kila mtu anafikiri mpira wa miguu. Hata mwanafunzi ambaye bado hajashika kanuni ya Pythagoras anaweza kukutajia wafungaji wote wa magoli bila kukosa. Si kosa. Lakini dunia iko na michezo mingine, na watu wake wanaipenda kama sisi tunavyopenda wetu. Leo ninataka kueleza mchezo mmoja wa Marekani, jina lake besiboli, kwa njia ya mtu mmoja ambaye ninampenda kupita wachezaji wake wote.

Mtu huyo ni Bob Gibson. Alirusha mpira katika ekipe ya St. Louis Cardinals tangu 1959 mpaka 1975. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2020, akiwa na miaka 84. Mimi sikumwona kiwanjani kwa macho yangu. Nimemjua kwa mabuku na kwa filamu za zamani. Lakini mpenzi wa mchezaji hahesabu kilomita wala miaka. Kwanza nitaeleza mchezo wenyewe, kisha nitawapa kumbukumbu zile ambazo ninazipenda zaidi.

1. MCHEZO WENYEWE NI NAMNA GANI?

Kuna ekipe mbili, kila moja watu tisa. Hakuna goli la kulinda. Kuna vituo vinne vilivyopangwa sawa pembe nne za mraba. Mtu wa ekipe moja anasimama kwenye kituo kinachoitwa nyumbani, anashika rungu la mti kwa mikono miwili. Huyu ni mpigaji. Mbele yake, umbali wa mita 18 na nusu hivi, mtu wa ekipe ya pili anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo, sawa kichuguu kilichosawazishwa. Huyu ndiye mrushaji. Mpira wake ni mgumu, umefunikwa na ngozi, uzito wake gramu 145 hivi. Ukikupiga kwenye mbavu, utakumbuka juma zima.

Kazi ya mpigaji ni kuupiga mpira ule mbali, kisha kukimbia kuzunguka vituo. Akirudi nyumbani salama, ekipe yake inapata pointi moja. Akiupiga ukapita juu ya uzio wa kiwanja, anazunguka polepole bila woga, hakuna wa kumzuia.

Kazi ya mrushaji ni kumnyima haya yote. Anarusha mpira upite juu ya kibao cha nyumbani, si chini ya magoti wala si juu sana. Mpigaji akiukosa, au akiuacha upite mahali pale halali, inahesabiwa kosa juu yake. Makosa matatu, anatoka. Mimi nitasema «amekaushwa», juu ya namna anavyorudi kukaa na rungu lake bila hata kukimbia hatua moja. Watu watatu wakitoka, ekipe zinabadilishana. Kila ekipe inapata zamu tisa za namna hiyo, na mechi imekwisha.

Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, rafiki wa mrushaji. Ana glavu kubwa ya ngozi, na kwa vidole vyake anaonyesha kwa siri mtupo gani unafaa.

Sasa mtauliza: ugumu uko wapi? Mtu na rungu, mwingine na mpira, basi! Tufanye hesabu kidogo. Mrushaji mkali anatupa mpira kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Mpira unafika nyumbani katika muda ulio chini ya nusu ya sekunde. Katika muda ule mpigaji inafaa auone, aujue ni wa namna gani, aamue, na azungushe rungu. Na si kila mtupo unakwenda wima. Gibson alikuwa na mtupo wa pili uliokuja kwa nguvu karibu sawa na wa kwanza, halafu dakika ya mwisho ukakata kona kama mbuzi aliyeona mbwa. Mpigaji alipiga mahali mpira ulipokuwa, na mpira haukuwa pale tena.

2. MTOTO WA OMAHA

Bob Gibson alizaliwa tarehe 9 Novemba 1935 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya saba. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu mbele ya yeye kuzaliwa. Mama alifanya kazi ya kufua nguo ili watoto wapate kula. Walikaa katika nyumba za serikali, zile za watu maskini.

Mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alipata ugonjwa wa mifupa laini, alipata pumu, alipata homa ya mapafu mpaka watu walifikiri atakufa. Mkubwa wake Josh, aliyemzidi miaka 15, ndiye aliyempeleka hospitali, na alimwahidi kwamba akipona atamnunulia glavu ya besiboli. Akapona. Josh akawa kwake ndugu, baba na mwalimu pamoja. Alifundisha vijana wa mtaa michezo, na mdogo wake hakumhurumia hata kidogo. Alimwamuru kurudia na kurudia mpaka iwe sawasawa. Wale kati yenu walio na kaka wa namna hii nyumbani wanajua ninasema nini.

Bob alipomaliza sekondari, alikuwa hodari sana katika mpira wa kikapu. Walimwandikia chuo kikuu kimoja kikubwa ili apate bursi. Jibu lilirudi: hapana, hesabu ya watu weusi kwa mwaka huu imekwisha timia. Si kwamba hajui kucheza. Hesabu imetimia! Basi akaingia Chuo Kikuu cha Creighton pale pale Omaha, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata bursi ya mpira wa kikapu katika chuo hicho. Baadaye alicheza pia kitambo na Harlem Globetrotters, wale wachezaji wa kikapu waliozunguka dunia wakifurahisha watu.

Mwaka wa 1957 alitia sahihi na Cardinals. Lakini ngozi yake haikusahauliwa. Ekipe ilifanya mazoezi ya mwanzo wa mwaka kule St. Petersburg katika jimbo la Florida. Huko wachezaji weupe walilala hoteli, na weusi walipelekwa kulala kwa nyumba za watu weusi, upande mwingine wa mji. Jambo hilo liliendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 1960, wachezaji weusi walipolipinga kwa sauti. Ekipe ile ilipokwisha kulala mahali pamoja na kula mahali pamoja, ndipo ilianza kushinda. Sisemi sababu ni hiyo peke yake. Lakini fikirini: mtu atamtupia mwenzake mpira kwa moyo namna gani, kama usiku hawawezi kulala chini ya dari moja?

3. KUMBUKUMBU YA KWANZA: 1964, MWALIMU ALIYEKATAA KUMTOA

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, ekipe mbili bora zinakutana katika fainali kubwa inayoitwa World Series. Ya kwanza kushinda mechi nne inachukua taji. Mwaka wa 1964 Cardinals walikutana na New York Yankees, ekipe iliyozoea mataji kama sisi tulivyozoea ugali.

Gibson alipoteza mechi ya pili. Alishinda ya tano, iliyofika zamu ya kumi, mdakaji wake Tim McCarver alipopiga mpira juu ya uzio na kuleta pointi tatu. Kisha ekipe zikawa sawa, mechi tatu kwa tatu. Tarehe 15 Oktoba mwalimu wa ekipe, Johnny Keane, akampa Gibson mpira tena, ingawa alikuwa amepumzika siku mbili tu. Mkono wa mrushaji kwa kawaida unadai siku tatu au nne.

Ilipofika zamu ya tisa Cardinals walikuwa na pointi 7, Yankees 3. Gibson alikuwa amechoka, kila mtu aliona. Yankees wakapiga mpira juu ya uzio mara moja. Wakapiga mara ya pili. Sasa ni 7 kwa 5. Watu wakamtazama Keane: hatamtoa? Hakumtoa. Gibson akamaliza kazi, na Cardinals wakawa mabingwa.

Nyuma ya mechi waandishi walimuuliza Keane sababu. Alijibu kwamba alikuwa amejifunga na moyo wa mtu huyo. Ninapenda sana jibu hili. Miaka michache mbele ya siku ile, mkubwa mwingine wa ekipe hakuona faida kubwa kwa Gibson. Keane alimwona mapema, akampa kazi, na siku ya hatari hakumnyang'anya. Kuna walimu wanaotuamini siku ya mazoezi tu. Keane aliamini siku ya mtihani.

4. KUMBUKUMBU YA PILI: 1967, MGUU ULIOVUNJIKA

Tarehe 15 Julai 1967, katika mechi na Pittsburgh, mpigaji mkubwa Roberto Clemente aliupiga mpira ukarudi moja kwa moja ukampata Gibson kwenye mguu wa kulia, chini ya goti. Alianguka. Wakamwangalia, wakapuliza dawa ya baridi, akasimama, akasema yuko tayari. Akawarushia wapigaji wengine. Kwa mpigaji wa tatu, alipoutupa mwili wake mbele kama desturi yake, mfupa ukakatika kabisa. Kumbe alikuwa akirusha juu ya mfupa uliokwisha kupasuka!

Simwambii mwanafunzi yeyote aige jambo hili. Ukiumia mguu, nenda kwa mganga, usijifanye Gibson. Lakini ninaeleza ili mjue mtu mwenyewe alikuwa wa namna gani.

Alirudi mwezi wa Septemba. Mwezi wa Oktoba alisimama mbele ya Boston Red Sox katika fainali. Alirusha mechi tatu, zote tangu mwanzo mpaka mwisho, na alishinda zote tatu: 2 kwa 1, 6 kwa 0, na ile ya saba 7 kwa 2. Katika zamu 27 aliruhusu pointi 3 tu. Na katika mechi ya saba, yeye mrushaji, ambaye kazi yake si kupiga, alishika rungu akapiga mpira juu ya uzio. Mechi ile ilichezwa Boston, mbele ya watu wa wenyewe. Walinyamaza kama kalasi siku ya kurudishiwa karatasi za mtihani.

5. KUMBUKUMBU YA TATU: 1968, HESABU YA 1.12

Sasa tuchukue kalamu. Wapenzi wa besiboli wanampima mrushaji kwa hesabu moja: katika mechi nzima ya zamu tisa, kwa wastani ameruhusu pointi ngapi kwa kosa lake mwenyewe? Pointi zilizoletwa na makosa ya wenzake hazihesabiwi. Mrushaji aliye na wastani wa 3 ni mzuri. Aliye na 2 ni mkubwa.

Mwaka wa 1968 Gibson alirusha zamu 304 na theluthi mbili. Pointi zilizokuwa juu yake ni 38. Fanyeni hivi: 38 mara 9 ni 342. Gawanya kwa 304.67. Mnapata 1.12. Tangu miaka ya 1920, hakuna mrushaji wa ligi hizi mbili kubwa aliyemaliza mwaka mzima na hesabu ndogo kuliko hiyo.

Katika mechi 34 alizoanza, alimaliza 28 mwenyewe. Katika mechi 13 hakuruhusu hata pointi moja. Mwezi wa Juni alifanya hivyo mechi tano mfululizo. Kulikuwa na kipindi cha zamu 95 ambamo pointi 2 tu ziliingia. Mbili! Ni kama golikipa aliyecheza ligi nzima wavu wake ukatikisika mara mbili tu.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: basi alishinda mechi zote? Hapana. Alishinda 22, akapoteza 9. Namna gani? Kwa sababu mrushaji anaweza kuzuia tu, hawezi kufunga kwa ajili ya wote. Tarehe 17 Septemba alipoteza 1 kwa 0 kule San Francisco, juu ya mrushaji wa upande wa pili, Gaylord Perry, hakuruhusu mtu hata mmoja wa Cardinals kupiga mpira sawasawa siku ile nzima. Gibson aliruhusu pointi moja, na moja ilitosha. Mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri sana na bado akashindwa. Ni vizuri tujue jambo hili tungali vijana.

Inafaa tukumbuke pia mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa, na michezo ya kufungua mwaka ikaahirishwa. Mwezi wa Juni Robert Kennedy aliuawa. Gibson alisema baadaye kwamba hasira na huzuni ya mwaka ule iliingia ndani ya kazi yake. Wengine walichukua moto. Yeye alichukua mpira.

6. KUMBUKUMBU YA NNE: TAREHE 2 OKTOBA 1968, WATU 17

Hii ndiyo kumbukumbu ninayoipenda kupita zote. Ni mechi ya kwanza ya fainali, kule St. Louis, na ekipe ya pili ni Detroit Tigers. Mrushaji wa Detroit ni Denny McLain, aliyekuwa ameshinda mechi 31 mwaka ule. Magazeti yalisema ni vita vya warushaji wawili. Havikuwa vita. McLain alitolewa mapema, na Gibson aliendelea kuwakausha watu mmoja mmoja.

Katika fainali, mtu mmoja alikuwa hajapata kukausha zaidi ya watu 15 katika mechi moja. Ni Sandy Koufax aliyefika pale mwaka wa 1963. Ilipofika zamu ya tisa, Gibson alikuwa na 14. Mtu wa kwanza wa Detroit alipiga vizuri akafika kituo. Wa pili, Al Kaline, alikaushwa. Kumi na tano! Uwanja mzima ukasimama ukapiga kelele, kwa sababu ubao mkubwa ulikuwa umeandika kwamba amemfikia Koufax.

Gibson hakujua. Alidhani watu wanapiga kelele bure. Mdakaji McCarver alisimama, akashika mpira, akamwonyesha ubao kwa kidole. Gibson alikasirika, akamwambia amrudishie mpira, waendelee na kazi. McCarver akaendelea kuonyesha. Mwishoni Gibson aligeuka, akatazama ubao, akagusa kofia yake kidogo, basi. Akamkausha Norm Cash: 16. Akamkausha Willie Horton: 17. Mtupo wa mwisho ulianza kana kwamba unamwendea Horton mwilini, akajikunja kuukimbia, halafu ukakata kona ukapita juu ya kibao. Cardinals 4, Detroit 0.

Mpaka leo hesabu ile ya 17 haijapitwa katika fainali. Na sisi wapenzi wake tuliona ajabu nyingine: Gibson alifariki tarehe 2 Oktoba 2020, siku ile ile, miaka 52 kamili nyuma ya mechi hiyo.

7. KUMBUKUMBU YA TANO: KUSHINDWA KULE KULE

Mpenzi wa kweli anakumbuka na siku mbaya. Gibson alishinda pia mechi ya nne, 10 kwa 1, na alipiga tena mpira juu ya uzio. Ilikuwa mara ya saba mfululizo kushinda katika fainali, kila mara akimaliza mechi mwenyewe. Lakini Detroit hawakukata tamaa, na tarehe 10 Oktoba ekipe zilifika mechi ya saba, tatu kwa tatu.

Mpaka zamu ya saba hapakuwa na pointi kwa Detroit wala kwa St. Louis. Wawili wa Detroit walikwisha kutoka. Kisha Cash akapiga, Horton akapiga, na Jim Northrup akapiga mpira mrefu kati ya kiwanja. Mlinzi wa pale alikuwa Curt Flood, mmoja wa walinzi bora wa wakati ule. Alikosea kuupima: akapiga hatua ya kwanza mbele, na alipotaka kugeuka akateleza. Mpira ukampita. Pointi mbili. Mechi ikaisha 4 kwa 1, na Detroit wakachukua taji.

Flood alimwendea Gibson kumwomba radhi, akisema kosa ni lake. Gibson, mtu yule mkali ambaye wapigaji walimwogopa kama simba, alimjibu kwamba si kosa la mtu. Hakumlaumu siku ile, wala hakumlaumu baadaye. Mwaka uliofuata, Flood alipokataa kuuzwa kwa ekipe nyingine kama mzigo, akaenda mpaka mahakama kuu ya Marekani kudai haki ya wachezaji, alishindwa kule mwaka wa 1972, lakini wengi waliomfuata walikula matunda ya ujasiri wake. Mtu mmoja anakumbukwa kwa kuteleza mara moja. Inafaa akumbukwe zaidi kwa kusimama.

8. KWA NINI KILIMA KILIPUNGUZWA?

Kile kilima cha mrushaji kilikuwa na urefu wa sentimita 38. Faida yake ni nini? Panda juu ya jiwe, tupa embe chini. Kisha simama sawa na mwenzako, tupa tena. Kutoka juu mpira unateremka kwa pembe kali, na mpigaji anaona vigumu kuukuta na rungu lake. Tena mwili mzima wa mrushaji unashuka pamoja na mkono, nguvu inaongezeka.

Mwaka wa 1968 warushaji walitawala kabisa. Katika ligi moja mpigaji aliyekuwa wa kwanza, Carl Yastrzemski, alipiga sawasawa mara 301 tu kwa kila 1000. Watu walianza kuchoka na mechi zisizo na pointi. Basi kwa mwaka wa 1969 wakubwa wa mchezo walipunguza kilima kuwa sentimita 25, na wakafanya ndogo sehemu halali ya mtupo. Gibson hakuwa sababu peke yake, lakini jina lake ndilo lililotajwa zaidi, na wengi wanaziita mpaka leo sheria za Gibson.

Je, ilikuwa haki? Yeye hakufurahi, na mimi ninamwelewa. Mwanafunzi akipata alama zote, tutabadilisha mtihani kwa ajili yake? Upande mwingine, mchezo si wa mtu mmoja; wapigaji pia wanataka kuishi. Jibu bora alilitoa Gibson mwenyewe kwa mkono: mwaka wa 1969, juu ya kilima kifupi, alishinda mechi 20, na mwaka wa 1970 akashinda 23 na kupewa kwa mara ya pili zawadi ya mrushaji bora. Tarehe 14 Agosti 1971, akiwa na miaka 35, alicheza mechi nzima na Pittsburgh bila kumruhusu mtu hata mmoja kupiga mpira sawasawa. Mwaka wa 1974 alifikisha watu 3000 aliowakausha, mtu wa pili tu katika historia nzima ya mchezo.

9. ALIKUWA MTU MBAYA?

Neno moja la mwisho, kwa sababu wengine wameniuliza. Inasemwa kwamba Gibson hakucheka kiwanjani, hakusalimu wapinzani, na alirusha mpira karibu na mwili wa mpigaji ili amwogopeshe. Ni kweli. Bill White alikuwa rafiki yake na mwenzake wa chumba kimoja. White alipopelekwa ekipe nyingine, mara ya kwanza walipokutana mpira wa Gibson ulimpata kwenye mkono. Urafiki uliachwa mlangoni mpaka mechi iishe.

Inafaa tueleze sababu. Kibao cha nyumbani kina pande mbili. Mpigaji akiruhusiwa kujisogeza karibu sana, upande wa mbali unakuwa wake pia, na mrushaji hana mahali pa kutupa. Mtupo wa karibu ni namna ya kusema: rudi kwako. Wengi walifanya hivyo wakati ule. Na ule uso mkali uliowatisha watu? Sehemu yake ilikuwa macho tu! Gibson alivaa miwani nje ya mchezo. Kiwanjani hakuvaa, na alikunja uso ili aone vidole vya mdakaji. Wapigaji walidhani ni chuki. Kumbe mtu alikuwa akisoma!

Alipoacha mwaka wa 1975 alikuwa ameshinda mechi 251 na kukausha watu 3117. Mwaka wa 1981, mara ya kwanza jina lake lilipopigiwa kura, aliingizwa katika nyumba ya heshima ya mchezo. Na mji wake ulibaki ule ule, Omaha, ambako alizaliwa maskini na mgonjwa, na ambako alifia.

Basi, wapendwa, mkisikia tena mtu akisema kwamba besiboli ni kupiga mpira kwa fimbo tu, mwambieni mbio zile za nusu sekunde, kilima cha sentimita 38, na hesabu ya 38 mara 9. Na kwa mjadala wa kalasi ninawaachia swali: yupi alikuwa mkubwa zaidi, Gibson aliyewakausha watu 17, au Gibson aliyemwambia Flood kwamba si kosa la mtu? Mimi nimekwisha kuchagua. Chagueni na ninyi.